Mwalimu Aliyekohoa Vumbi

Ipo nchi moja ambayo jina lake tutaliacha lilale, maana ina mabalozi kila mji, na kazi kubwa ya mabalozi hao ni kusoma hadithi wakitafuta matusi. Msiitafute kwenye ramani. Na mkiona inafanana na nchi mnayoijua, shauri yenu, nani aliwatuma kufananisha?

Katika nchi hiyo hakuna mtoto aliyefeli tangu Waziri wa Elimu na Uadilifu, Mheshimiwa Profesa Bulugu, atangaze kuwa kufeli ni mila potofu. Watoto wote hufaulu, tena kwa alama zote. Nchi jirani zilituma wajumbe kujifunza siri. Wakaonyeshwa mapaa yanayovuja, wakaonyeshwa watoto waliokalia matofali, wakaonyeshwa na matokeo: mia kwa mia. Wajumbe walirudi kwao wakitikisa vichwa.

Siri yenyewe ilikuwa kikohozi.

Mitihani yote ya nchi ile ni ya kuchagua: A, B, C au D. Msimamizi husimama mbele ya darasa mdomo kaufunga kabisa, kwa sababu sheria inasema atakayetamka neno lolote katika chumba cha mtihani amefanya udanganyifu na atakwenda jela. Basi hasemi. Anakohoa. Akikohoa mara moja ni A, mbili ni B, tatu C, nne D. Akisafisha koo, nendeni swali linalofuata. Akipiga chafya, futeni, kuna makosa. Zamani ilikuwepo na E, ila iliondolewa kwenye mtaala baada ya mwalimu mmoja kuzimia katikati ya mtihani wa hisabati.

Mwanzoni mambo haya yalifanywa kwa kificho, lakini aibu nayo huzoeleka. Wizara ilipoona kila mwalimu anakohoa anavyojua, ikasema watoto wa vijijini wanaonewa, ikatoa Mwongozo wa Taifa wa Kikohozi. Vyuo vya ualimu vikaacha kufundisha malezi ya mtoto, vikaanza kufundisha pumzi. Mwalimu akiomba kazi haulizwi anajua nini. Anaambiwa, "Hebu tusikie kifua." Msimu wa mitihani tangawizi hupigwa marufuku karibu na shule, na dawa ya kikohozi huhesabiwa pamoja na bangi.

Tena msidhani walimu wale walikuwa watu wa hivi hivi. Kila asubuhi, bendera ikipanda, waliweka mkono kifuani na kula kiapo: "Sitamdanganya mtoto." Maana yake ilijulikana na wote. Ukikohoa, kohoa jibu la kweli. Mwenye kukohoa C palipo na B huyo ndiye mwongo, na nchi ile ilikuwa haina mchezo na waongo.

*

Katika Shule ya Msingi Nuru Tele alikuwepo mwalimu mmoja, Sikudhani Mbelwa, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, ambaye alikuwa na kasoro moja kubwa: alifundisha. Anaingia darasani na chaki, anatoka chaki imekwisha. Mtoto asipoelewa anarudia. Asipoelewa tena, anamwita kivulini saa ya mapumziko, anachukua chapati yake mwenyewe, anaikata vipande, na hapo hapo mtoto anajua sehemu ni nini, kisha anakula jibu.

Walimu wenzake walimwonea huruma. "Dada Sikudhani," walimwambia, "unajichosha bure. Si watakoholewa?"

"Watakoholewa," alijibu, "halafu?"

"Halafu watafaulu."

"Halafu?"

Hapo wenzake walinyamaza, kwa sababu Mwongozo wa Taifa ulikuwa haujafika kwenye halafu.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Chubwa, alikuwa mtu wa amani, yaani mtu asiyetaka kujua. Alifahamu vizuri kuwa Sikudhani hakohoi, akatafuta njia ya kumsitiri. Kila msimu wa mitihani alimpanga getini afukuze mbuzi. Hivyo shule ikawa na matokeo safi, Sikudhani akawa na dhamiri safi, na mbuzi wakala mahali pengine. Sikudhani hakuupenda mpango ule. Aliukubali tu, kwa sababu ulimwachia siku nyingine zote za mwaka afundishe, na kufundisha ndiko alikokupenda kuliko kitu chochote duniani.

Mwaka mmoja mambo yakaharibika. Mwalimu Mbwana, aliyekuwa anakoholea darasa la saba, kifua kizito, fahari ya tarafa nzima, alikwenda kumjulia hali mama mkwe wake. Mama mkwe akamsikia anavyofanya mazoezi uani, akamhurumia, akamchemshia tangawizi na asali. Sasa niambieni, kikombe cha mama mkwe kinakataliwaje? Mbwana akanywa. Akaongezwa. Asubuhi ya mtihani akaamka amepona kabisa, hata kujikohoza hawezi, analia.

Mwalimu Chubwa alimfuata Sikudhani getini, jasho linamtoka.

"Mwalimu mwenzangu, leo ingia wewe."

"Mwalimu Mkuu, unanijua."

"Nakujua. Ingia tu usimame. Pengine Mungu atakujalia mafua."

*

Sikudhani aliingia akiwa na furaha asiyoionyesha. Moyoni alisema, leo ndiyo leo. Watoto hawa nimewafundisha mwenyewe, wanajua, wacha wafanye mtihani kwa vichwa vyao ulimwengu uone. Akagawa karatasi, akasimama mbele, akafunga mdomo.

Watoto walimtazama kifua. Kalamu zimeinuliwa, hakuna anayeandika. Alitabasamu kuwatia moyo, wakasubiri. Akaonyesha karatasi kwa kidole, wakasubiri. Dawati la mbele alikaa msichana mmoja, Tunu, aliyefika darasa la sita hajui hata kusoma jina lake, Sikudhani akamfundisha mpaka sasa anasoma kila gazeti linalofungiwa maandazi. Sikudhani akamkazia macho Tunu, kama kumwambia, anza mama, unaweza. Tunu akainama, akaandika jibu lake. Wengine wawili watatu wakamwona, nao wakaanza. Sikudhani aliona raha, akataka kucheka.

Ndipo ulipofika msafara wa Wakaguzi wa Uadilifu.

Walikuja kwa mbio, magari yamefuatana, kwa sababu uadilifu haukaguliwi polepole. Wakazunguka uwanja mara mbili ili waonekane, wakafunga breki chini ya madirisha ya darasa la saba. Madirisha yale hayakuwa na vioo. Vumbi lote la uwanja likainuka, likaingia ndani, likamkuta Mwalimu Sikudhani kasimama mbele.

Jamani, mtu ni mtu. Alikibana kikohozi. Alikibana mpaka machozi yakamtoka na mishipa ya shingo ikasimama. Kisha kikamshinda, akakohoa mara nne.

Darasa zima likaandika D.

Akatikisa kichwa, akapunga mikono, hapana, hapana! Akakohoa mara mbili. B. Akajaribu kusafisha koo apate pumzi. Watoto wakaenda swali linalofuata. Akakohoa tatu, akakohoa nne, akapiga chafya, na wale wachache waliokuwa wamethubutu kuandika majibu yao, pamoja na Tunu, wakachukua vifutio wakafuta.

Sikudhani akafungua mdomo kusema, "Ni vumbi!" Hapo hapo kichwa cha mkaguzi kikatokeza dirishani, kidole juu.

"Mwalimu! Neno moja tu, pingu."

Akaufunga mdomo. Vumbi likaendelea, na yeye akaendelea, mpaka karatasi ikaisha.

Walipotoka nje Tunu alimfuata, hajakasirika, anashangaa tu.

"Mwalimu, lile swali la robo tatu nilijua ni B. Ulitufundisha kwa chapati. Ila ukakohoa nne."

"Kwa nini hukuiacha B yako, mwanangu?"

"Ningeiachaje na wewe umekohoa nne? Si unaapa kila siku hutatudanganya?"

Sikudhani aliingia stoo ya majembe, akafunga mlango, akalia kwa hasira na uchungu mpaka sauti ikamkauka.

*

Matokeo yalipotoka, Nuru Tele ilikuwa ya mwisho. Kwa kweli ilikuwa ya mwisho peke yake, kwa sababu shule nyingine zote zilikuwa za kwanza.

Wazazi walifurika shuleni. Mbele yao alikuwa Mzee Lubuva, mwenye duka, fimbo mkononi.

"Umeniulia mwanangu! Mwanangu alikuwa awe rubani!"

"Mzee wangu," Sikudhani alisema, "mwanao nilianza kumfundisha kusoma mwezi mmoja tu kabla ya mtihani. Angerushaje ndege?"

"Kwani huko angani hakuna wa kumkoholea?"

Wazazi wakaunga mkono, wakasema kweli kabisa, serikali haiwezi kumwacha mtoto peke yake angani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anajua nini. Sikudhani alisimama akatukanwa mpaka jua likawa kali na watu wakachoka wenyewe.

Siku chache baadaye ukaja wito kutoka Baraza la Uadilifu wa Walimu. Shitaka lilikuwa moja: kukohoa bila ukweli. Adhabu yake ilijulikana, kunyang'anywa leseni ya ualimu na kutofundisha tena maisha. Mwalimu Chubwa alimsindikiza mpaka stendi, na njiani akamwomba kama anavyoombwa mgonjwa ale.

"Dada yangu, nisikilize. Nimeongea na watu wa Baraza. Hawataki ugomvi. Wewe sema ulikusudia majibu sahihi ila kifua kikakuteleza. Basi. Utapelekwa chuoni wiki kadhaa ukarudie pumzi, utarudi darasani, na mimi nitakurudisha getini kwa mbuzi wako. Watoto watakuwa na wewe mwaka mzima. Wakikufukuza, nani atawafundisha? Mbwana?"

Maneno yale yalimwingia Sikudhani, tusidanganyane. Alimfikiria Tunu, akawafikiria wadogo wa darasa la kwanza ambao hata hawajashika kalamu. Uongo mmoja, tena mdogo, ambao kila mtu ameshausamehe kabla haujasemwa. Alipanda basi akiwa hajui atasema nini.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na mazulia, feni na maandishi makubwa ukutani: MWALIMU NI KIOO. Mwenyekiti, Mheshimiwa Gwasuma, mtu wa kitambi na shahada za heshima, alikaa juu kabisa na bakuli la karanga mbele yake. Mstari wa mbele walikaa wageni waalikwa, matunda ya elimu ya nchi: wahandisi, mahakimu, na Daktari Pazi, mganga mkuu wa hospitali ya taifa, kijana aliyepata mia kwa mia tangu chekechea mpaka udaktari, suti imempendeza.

Mwenyekiti alianza kwa hotuba.

"Ndugu zangu, ualimu ni wito. Ualimu ni mshumaa. Mwalimu asiye mwadilifu ni sumu ndani ya uji wa taifa." Akatupia karanga mdomoni. "Serikali yenu sikivu imejenga vifua, imeimarisha mapafu, imewekeza katika koo. Halafu anatokea mtu mmoja, anakohoa uongo mbele ya watoto wasio na hatia. Inauma. Mimi binafsi sikulala."

Ukumbi ukaguna kwa huzuni.

"Mshitakiwa. Swali la robo tatu, ulikohoa nne. Jibu ni B. Ulikusudia nini?"

Sikudhani alimwona Mwalimu Chubwa, aliyekuja kwa basi lililofuata, amekaa nyuma kabisa, anamwitikia kwa kichwa, sema, sema. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Akafungua mdomo aseme, na badala ya sentensi ile akamkumbuka Tunu na kifutio mkononi, anafuta jibu la kweli kwa sababu anamwamini mwalimu wake.

"Sikukusudia jibu lolote, Mheshimiwa. Lilikuwa vumbi."

"Vumbi?"

"La magari yenu."

Mwenyekiti akafunua Mwongozo wa Taifa, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Vumbi halimo," alisema. "Mama, fikiri vizuri. Ukisema ulikohoa kwa sababu ya vumbi, unataka kusema kikohozi chako kilikuwa kikohozi tu?"

"Ndiyo."

"Na vya walimu wengine wote wa nchi hii ni nini?"

"Vya wenzangu waulize wenzangu. Ila mniache niseme, maana nimenyamaza miaka mingi nikifukuza mbuzi, na kunyamaza kwangu nako ni uongo." Sauti yake ilianza kupanda. "Wale watoto walikuwa wanajua! Niliwafundisha, wakajua, wakaandika, halafu wakafuta wanachokijua kwa sababu mmewazoesha kuwa akili yao si kitu mbele ya koo la mtu mzima. Mnaapa kila asubuhi. Mnaapa nini? Mmezalisha taifa la watu wanaosubiri kukoholewa, mkaliita limeelimika. Mimi nawaonea aibu, na najionea aibu mwenyewe."

Kisha Mheshimiwa Gwasuma akacheka. Alicheka kwa moyo, kichwa nyuma, mdomo wazi umejaa karanga. "Eti akili yao!" alisema, na karanga moja ikakosea njia.

Akakohoa. Akashika meza, akakohoa tena. Macho yakamtoka.

"Daktari!" mtu alipiga kelele.

Daktari Pazi alikwisharuka jukwaani. Alipiga goti mbele ya Mwenyekiti kwa ustadi mkubwa, akatega sikio, akainua vidole.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu." Ukumbi mzima ulizuia pumzi. Mwenyekiti alitoa kikohozi cha mwisho, chembamba, kisha hakikutoka kitu tena. "Nne! Ni D!"

Ukumbi ukapiga makofi.

"D ya swali gani?" aliuliza hakimu mmoja.

Daktari Pazi akasita. "Swali sijapewa," alisema. "Kwa kawaida swali hutoka wizarani."

Wakaanza kubishana. Mhandisi mmoja alidai amesikia tatu na nusu, kwa hiyo inaweza kuwa C. Hakimu akashauri wasubiri Mheshimiwa arudie. Mheshimiwa hakurudia. Uso ulikuwa umegeuka rangi, na mkono wake ulikuwa unakwaruza meza, unamwaga karanga kwenye zulia.

Sikudhani aliwaangalia, hakuamini macho yake. Kisha akaruka kutoka kizimbani alikosimama. Alimfikia yule mtu mzito, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, pa! kama anavyompiga mtoto wa darasa la kwanza aliyepaliwa na punje ya muhindi. Akampiga tena. Akampiga mara nyingine, na hiyo, kusema kweli, aliiongezea nguvu ya hasira zake zote. Karanga ikaruka ikaangukia suti ya Daktari Pazi. Mwenyekiti akavuta pumzi ndefu, ya kukwaruza, na machozi yakamtiririka.

Watu wakamkimbilia Daktari Pazi kumpongeza.

Mheshimiwa Gwasuma alikaa kitini anahema. Alijifuta uso, akatengeneza tai, akayatazama makaratasi yake.

"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Wewe ulikuwa umefika kaburini, Mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Na daktari wako alikuwa anakuhesabia."

Mwenyekiti alimwashiria asogee, akakisukuma kipaza sauti mbali, akainama mpaka vichwa vyao vikakaribiana.

"Mwalimu," alinong'ona, "mjukuu wangu wa pekee anapasuliwa moyo Jumatatu. Na huyu huyu Pazi. Nifanyeje?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Sikudhani alimwonea huruma mtu yule, au pengine huruma ilikuwa ya yule mjukuu.

"Mheshimiwa, sina cha kukuambia," alisema. "Mimi ningemfundisha Pazi alipokuwa mdogo. Nyinyi mlimkoholea. Mtoe mtoto kwake leo hii, umtafute mtu anayejua, kama amebaki. Na useme hadharani kwa nini unamtoa, ili na wenzako wawatoe wa kwao."

Mzee yule alimtazama Daktari Pazi, aliyekuwa anapeana mikono na mahakimu huku anapangusa karanga kwenye suti. Akautazama ukumbi, watu wote wale, wanamsubiri. Akayatazama maandishi ukutani. Kisha akakivuta kipaza sauti karibu, akakaza sauti, akatangaza kwamba Sikudhani Mbelwa amekosa uadilifu, na kuanzia saa ile haruhusiwi kumfundisha mtoto yeyote katika nchi ile.